Jani la Isale na Meza ya Bwana: Alama katika Ibada ya Kilutheri, Jana na Leo

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, Waisraeli wakiisha kuvuka Yordani, watu kumi na wawili wanaamriwa kutwaa mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha kambini. Sababu inatajwa papo hapo: siku moja watoto watauliza maana ya mawe hayo, na wazazi watapaswa kujibu. Ndivyo ilivyo pia katika Kutoka 12 kuhusu Pasaka. Maandiko hayadhani kwamba alama hujieleza yenyewe. Alama inawekwa ili iulizwe, na anayeulizwa awe na la kujibu.

Lakini Maandiko hayo hayo, katika 2 Wafalme 18, yanatusimulia habari nyingine. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba ambayo Musa aliifanya kwa agizo la Mungu mwenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Kitu kilichokuwa njia ya wokovu jangwani kilikuwa kimepata jina lake na ibada yake Yerusalemu. Baina ya mawe ya Gilgali na nyoka ya shaba ndipo linaposimama swali la makala haya. Ni alama zipi zinazofaa ibada yetu leo, na ni nani mwenye haki ya kuziingiza au kuziondoa? Tutalitazama kwa njia ya historia, tukianzia Wittenberg na kumalizia katika migomba ya Kilimanjaro, kwa kuwa huko liko jani moja ambalo wanafunzi wetu hawaachi kutuuliza habari zake.

Neno moja kwanza. Tunatumia hapa neno "alama" badala ya "ishara", kwa sababu katika Biblia yetu ya Kiswahili "ishara" imekwisha kubeba maana ya miujiza, hasa katika Injili ya Yohana. Kadhalika hatuzungumzii sakramenti. Maji ya Ubatizo, mkate na divai vina amri ya Kristo na ahadi yake. Hatukuvichagua sisi na hatuna ruhusa ya kuvibadili tupendavyo. Tunazungumzia yale mengine yote yanayovizunguka: msalaba juu ya altare, mishumaa, joho, kengele, rangi za majira, kupiga magoti, kupeana mikono. Hayo yote yangeweza kukosekana na Kanisa likabaki Kanisa. Hata hivyo historia inaonyesha kwamba ni juu ya hayo hasa Wakristo wamegombana kwa ukali mwingi.

Ugomvi wa kwanza wa namna hiyo miongoni mwa Walutheri ulitokea kabla hata ya kuitwa Walutheri. Mwishoni mwa mwaka 1521 Martin Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Huko Wittenberg mwenzake wa chuo kikuu, Andreas Karlstadt, aliongoza Meza ya Bwana siku ya Krismasi bila mavazi ya kipadre, akasema maneno ya kuweka wakfu kwa Kijerumani, na akawapa washarika mkate na kikombe vyote viwili. Mwezi Januari 1522 baraza la mji liliagiza sanamu ziondolewe makanisani, na Karlstadt akachapisha kijitabu cha kuunga mkono jambo hilo. Baada ya siku chache watu hawakungoja tena agizo litekelezwe kwa utaratibu. Waliingia wenyewe na kuvunja.

Luther alirudi mjini tarehe 6 Machi 1522, na kuanzia Jumapili ya tarehe 9 alihubiri mahubiri manane, siku moja baada ya nyingine. Jambo la kutazamwa na kila mchungaji ni hili: katika mengi aliyoyafanya Karlstadt, Luther hakuona kosa la mafundisho. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha kwamba washarika wapewe kikombe. Kuhusu sanamu alikiri kwamba ingekuwa heri zisingalikuwako, maana watu walizitumia vibaya. Kosa aliloliona lilikuwa katika kulazimisha. Mtu dhaifu, ambaye jana alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria kwa moyo wake wote, leo anaikuta imevunjika sakafuni na hakuna aliyemfundisha neno. Huyo hajawekwa huru, amenyang'anywa tu. Luther alitaka Neno lihubiriwe kwanza, lifanye kazi moyoni, na alama isiyofaa ingeanguka yenyewe. Kwa hiyo taratibu kadhaa za zamani zilirudishwa kwa muda, hata nyingine ambazo yeye mwenyewe hakuzipenda.

Mwendo huo alioufuata haukuwa woga, kama wapinzani wake walivyosema. Tunauona tena katika utaratibu wake wa Ubatizo. Kijitabu cha mwaka 1523 kilihifadhi karibu yote yaliyokuwako: kumpulizia mtoto, chumvi mdomoni, mafuta, vazi jeupe, mshumaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1526, watu walipokuwa wamekwisha kufundishwa, alipunguza mengi. Chumvi na mafuta vikaondoka, mshumaa ukaondoka; alama ya msalaba ikabaki, na vazi jeupe likabaki. Mwaka huo huo, katika utaratibu wake wa Misa ya Kijerumani, aliacha mavazi, altare na mishumaa viendelee hadi vitakapochakaa au hadi itakapoonekana vema kubadili. Na katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 alimwagiza kila Mkristo ajifanyie alama ya msalaba asubuhi na jioni. Baadhi ya washarika wetu leo wanaiona alama hiyo kuwa ya Kikatoliki, nao watashangaa kuikuta katika kitabu walichokariri kabla ya kipaimara.

Mfano wa kuinua mkate na kikombe wakati wa kuweka wakfu unafundisha zaidi. Luther aliendelea nao, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba Karlstadt aliuita dhambi. Kama mtu anakukataza jambo ambalo Mungu hakulikataza, alisema, basi ni wajibu wako kulifanya ili uhuru usipotee. Lakini mwaka 1542 kuinua huko kuliachwa Wittenberg, na Luther, aliyekuwa angali hai, hakuona kwamba kuna kilichopotea. Alama ile ile ilihifadhiwa kwa ajili ya uhuru na ikaachwa kwa uhuru. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha saba, lilikuwa limekwisha kuliweka jambo hili kuwa fundisho: si lazima desturi na sherehe zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, kifungu cha kumi, iliongeza kwamba mambo hayo yasiyoamriwa wala kukatazwa hukoma kuwa ya hiari pale adui wa Injili anapoyadai kwa nguvu.

Je, uhuru huo ulifika Kilimanjaro? Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi ya zamani mwaka 1896. Walileta Injili, na pamoja nayo walileta vyombo vya Injili kama walivyovijua kwao. Joho jeusi ni mfano mzuri. Wengi hulidhani kuwa vazi la Matengenezo. Kwa kweli nguvu yake katika makanisa ya Kijerumani ilitokana kwa sehemu kubwa na amri ya Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia ya mwaka 1811, iliyowapa wachungaji wa Kiprotestanti vazi jeusi la aina moja na la mahakimu. Lilikuwa sare ya watumishi wa dola. Kanisa la Sweden, lililo la Kilutheri vilevile, halikupitia amri hiyo na lilihifadhi kasula. Kwa sababu hiyo makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mzee wa kanisa aliyesafiri kutoka Moshi hadi Bukoba angeweza kudhani ameingia katika dhehebu lingine. Hakuwa ameingia. Alikuwa amekutana na historia mbili za Ulaya katika nchi moja ya Afrika, na kifungu cha saba cha Augsburg kiliruhusu zote mbili.

Hatusemi hayo ili kudharau joho. Joho jeusi lililovaliwa na wachungaji waliozika wazee wetu na kubatiza mama zetu limekwisha kupata maana ambayo mfalme wa Prussia hakuiwazia kamwe. Alama ya kigeni huweza kuwa ya nyumbani kwa kutumiwa kwa uaminifu muda mrefu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kengele. Ndivyo ilivyokuwa kwa tarumbeta, ambazo leo mtu wa Kilimanjaro hawezi kuifikiria asubuhi ya Pasaka bila hizo. Hoja kwamba kila kilichotoka ng'ambo kiondolewe kwa kuwa kimetoka ng'ambo ni hoja ya Karlstadt iliyovaa nguo nyingine.

Kati ya wamisionari hao alikuwako mmoja aliyeuliza swali kwa upande wa pili. Bruno Gutmann alifika mwaka 1902, akatumika hasa Moshi ya zamani, na ukiondoa miaka ambayo Wajerumani walitolewa nchini baada ya vita, alikaa hadi mwaka 1938. Kitabu chake juu ya kuujenga usharika kwa Injili kilitoka mwaka 1925, na kile cha sheria za Wachagga mwaka 1926. Mafundisho ya jando aliyoyakusanya kwa wazee yalitoka katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovipa Mungu Muumba, na kwamba Injili haikuja kuvikata. Hata vijana wa kipaimara aliwafunga pamoja kwa mfano wa rika, ili kila mmoja awe na mwenzake wa kumlinda.

Tunamheshimu Gutmann, na bila daftari zake tungekuwa tumepoteza mengi. Hata hivyo hatuwezi kunyamazia udhaifu wake. Yeye ndiye aliyechagua ni lipi la Kichagga lililo zuri. Vijana wa wakati wake walitaka shule, nao wakulima walikuwa wanauza kahawa kupitia chama chao kilichoanzishwa mwaka 1925. Kwake hayo yalionekana zaidi kuwa hatari kuliko njia ambayo Mungu angeweza kupita. Mgeni anayetuhifadhia desturi zetu huku akitukataza kuzibadili, naye pia ametunyang'anya uhuru, ingawa kwa mkono wa upole.

Sasa tulifikie jani lenyewe. Isale ni mmea ambao kila mtu wa Kilimanjaro anaujua. Ukikata shina lake na kulichomeka ardhini huota, na majani yake hukaa mabichi mwaka mzima. Kwa hiyo masale yamepandwa tangu zamani kuwa mipaka ya vihamba, na kung'oa isale la mpaka lilikuwa kosa zito. Yamepandwa pia makaburini. Lakini kazi yake iliyo kubwa ni ya upatanisho. Aliyekosa hulichukua jani la isale na kulipeleka, au kulituma kwa mkono wa mtu anayeheshimiwa, kwa yule aliyemkosea. Akiisha kulipokea, hana tena nafasi ya kukataa kusamehe bila kujiaibisha mbele ya ukoo na kujiletea lawama ya wazee.

Msomaji wa Mathayo 5 hawezi kuliona jani hili bila kukumbuka neno la Bwana juu ya mtu anayeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaagizwa kuiacha sadaka na kwenda kupatana kwanza. Liturujia yetu inayo maungamo kabla ya Meza ya Bwana, nayo yanasemwa na wote kwa pamoja, kwa maneno mazuri, kwa Mungu. Lakini Mzee Fulani na jirani yake, ambao hawajasalimiana tangu mfereji ulipogeuzwa, huyasema maneno hayo wakiwa katika benchi moja, na kisha hupokea mkate mmoja na kurudi nyumbani kwa njia mbili. Sharika zetu zina desturi ya kuwarudisha kundini waliotengwa, nayo ni njema. Lakini mara nyingi hurudishwa kwa usharika kama vile kosa lilikuwa juu ya kitabu cha washarika, wakati mtu aliyeumizwa ameketi nyuma, hakuulizwa neno. Hapa ibada yetu ina pengo, na isale linajua kazi ya mahali hapo. Ndiyo maana wanafunzi wanauliza: kwa nini jani hili lisiletwe kanisani?

Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, katika tamko lililotolewa Nairobi mwaka 1996, lilieleza kwamba ibada ya Kikristo huhusiana na utamaduni kwa njia nne. Yako mambo yaliyo juu ya kila utamaduni. Yako yanayovaa mazingira ya mahali. Yako yanayopinga utamaduni pale unapopingana na Injili. Na yako yanayopokewa kutoka utamaduni mmoja kwenda mwingine. Tamko hilo limetumiwa sana katika vyuo vyetu, na mara nyingi njia ya pili husomwa kwa sauti kubwa na ya tatu kwa kunong'ona. Isale linahitaji kupimwa kwa zote mbili.

Wako wanaoogopa mizimu. Zamani baadhi ya mafuvu ya wazee yaliwekwa migombani chini ya masale, na tambiko lilifanyika hapo. Hofu hii tunaiheshimu kwa ajili ya walio dhaifu, kama Paulo anavyotufundisha katika 1 Wakorintho 8. Hata hivyo hatuioni kuwa kizuizi cha mwisho. Leo makaburi mengi kihambani yana msalaba wa saruji na masale pembeni yake, na wajukuu wanaoyapanda hawatambiki. Mafundisho na muda vinaweza kulimaliza jambo hilo, kama vilivyolimaliza la chumvi kule Wittenberg kwa njia iliyo kinyume.

Linalotusumbua zaidi halitajwi mara nyingi. Nguvu ya isale ni kwamba linalazimisha. Mke aliyepigwa akakimbilia kwa wazazi wake huletewa isale, na ukoo wote humtazama. Akilikataa, yeye ndiye anayeonekana kuwa mwenye moyo mgumu. Akilikubali, anarudi katika nyumba ile ile na kwa mkono ule ule. Kama jani hilo litawekwa juu ya altare na mchungaji akalibariki, lazima ya ukoo itakuwa imeongezewa lazima ya Mungu. Msamaha unaodaiwa kwa aliyeumizwa, kwa kutumia aibu, si msamaha ambao Kristo aliutoa bure. Katika jambo hili Injili haina budi kusema na utamaduni kwa uwazi, na mchungaji asiyeweza kumwambia mume, "Ondoka na jani lako hadi utakapoacha kupiga," asiliguse kabisa.

Wazee wenyewe walijua kitu ambacho wapenzi wengi wa mapokeo wamekisahau. Isale kwa kawaida halikwenda peke yake. Liliandamana na wazee walioketi na kusikiliza pande zote mbili, na mara nyingi na mbuzi au mbege, yaani na gharama kwa mkosaji. Jani lilikuwa sehemu ya shauri lililosikilizwa na malipo yaliyokubaliwa. Kanisa likilitwaa jani na kuyaacha mashauri na fidia migombani, litakuwa limetwaa pambo. Tumekwisha kuona hatari ya namna hiyo katika maua ya plastiki na mishumaa ya umeme kwenye altare zetu: mshumaa usioteketea na ua lisilonyauka haviwezi tena kumwambia mtu habari ya maisha yanayotolewa.

Kwa maoni yetu, basi, isale lisiwekwe juu ya Meza ya Bwana, na lisiingizwe katika utaratibu wa kila Jumapili. Mahali pake ni kabla ya hapo: nyumbani, katika juma la maandalizi ya Meza ya Bwana, mkosaji anapokwenda pamoja na wazee wa kanisa kwa jirani yake, na baadaye, kama aliyekosewa ameridhia kwa hiari yake, mbele ya usharika siku ya kurudi kundini, likiwa mkononi mwa yule aliyesamehe. Tunasema mkononi mwake kwa makusudi. Mkosaji akilishika, linadai. Aliyesamehe akilishika, linashuhudia. Mchungaji atangaze ondoleo kwa Neno, maana ondoleo halitegemei jani. Jani litabaki kuwa jibu kwa mtoto atakayeuliza kwa nini baba yake na jirani wanasalimiana tena.

Tukivuka Kilimanjaro na kufika katika usharika wa mjini, hali ni nyingine. Dar es Salaam Mchagga huketi kati ya Mhaya na Mhehe, na jani ambalo kwa mmoja hufunga dhamiri, kwa mwingine ni mmea wa uani. Mchungaji wa huko anaweza kulieleza, kama tunavyoeleza habari za hisopo ya Zaburi kwa watu wasiopata kuiona. Akiisha kulieleza mara mbili tatu na bado likaonekana kuwa jambo la kabila moja, aliache, na awaulize wazee wake wa kanisa, Mhaya na Mhehe kwa zamu yao, kwao mtu aliyekosa huenda na nini mkononi.